Soko Likilala, Uhame au Ungoje?

Kila masika yakiingia, wenzetu wenye biashara ndogo ndogo hurudi kwenye suala lile lile: mauzo hakuna, wageni hawapo, je, tuhame soko au tungoje? Sisi ni wanawake tisa wa pwani ya mashariki ya Unguja, tunalima mwani na kutengeneza sabuni, na suala hilo lilitukaa kooni mwaka 2020. Tutaeleza tulivyolipima, kwani hata anayeuza ubuyu au mitandio hesabu zake haziko mbali na zetu.

Mwani wa kulima ulianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo wengi wanaoingia baharini ni wanawake. Siku za bamvu, maji yakitoka, tunafunga mbegu kwenye kamba na kamba kwenye vigingi, na baada ya wiki sita hivi tunavuna. Spinosamu unastahamili lakini bei yake iko chini. Kotonii una bei nzuri, ila maji yakipata moto unakufa wote. Mwaka ule tuliuza spinosamu mkavu shilingi 600 kwa kilo. Hebu fikiria gunia la mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yanakuchuruzika mgongoni, halafu mia sita! Ndiyo maana tulikuwa tumeshaingia kwenye sabuni, kwa sababu kilo moja ya mwani uliosagwa inaenea sabuni nyingi, na mafuta ya nazi, karafuu, mdalasini na mchaichai vyote vinapatikana hapa hapa.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa duka la zawadi la hoteli moja. Kipande kikiuzwa 5,000, duka linachukua 2,000 na sisi tunapata 3,000. Gharama zetu ni 1,400 pamoja na kifuko cha ukili, kwa hiyo faida ni 1,600. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa mali kauli. Tunapeleka leo, tunalipwa baada ya miezi miwili. Machi 2020 ndege za watalii zikasita, hoteli ikafunga milango, na vipande vyetu 180 vikabaki ndani ya duka bila ya kulipwa.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Bi mkubwa wetu, ambaye amelima mwani tangu mwaka wa mwanzo, alisema tungoje. Hoteli zimewahi kufunga na zikafungua. Ukimkimbia mnunuzi leo, kesho akirudi atakuta mwenzako amekaa pale pale. Wengine tulitaka tupeleke sabuni mjini. Na mmoja wetu, mwenye watoto watatu skuli na mume aliyekuwa akipika katika hoteli hiyo hiyo, alisema maneno mafupi: "Mie sina cha kungojea nacho." Kwa kweli hakuna aliyemjibu. Mwenye akiba anaweza kusubiri na kuliita hilo subira. Asiye nayo akisubiri ni njaa tu.

Tuliswali istikhara, kila mmoja kwake. Tunalitaja hili kwa sababu wengi wetu wanawake tukishaswali tunakaa tunangoja ndoto. Mwalimu wetu wa madrasa alitwambia tusingoje ndoto. Ukishaomba, lianze jambo, likiwa na kheri litafunguka na likiwa halina litakuwa zito. Akatukumbusha habari ya Abdurrahman bin Auf, alipofika Madina akiwa hana kitu. Ndugu yake aliyeunganishwa naye, Saad bin Rabii, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko liko wapi, na siku ile ile akarudi na faida ya samli na jibini. Tulichokishika sisi ni kwamba kwanza alikwenda kulitazama hilo soko.

Basi tukakubaliana tusihame, tutume watu wakatazame. Wawili walikwenda mjini wiki moja, wakaweka sabuni 60 kwenye meza ya wifi yetu anayeuza manukato Darajani. Siku tatu za mwanzo ziliuzwa nne. Wanawake wananusa, wanasifu, wanauliza bei, wanarudisha mezani. Nani wa mjini ananunua sabuni elfu tano, na kifuko cha ukili anaweza kusuka mwenyewe? Siku ya nne walizitoa kwenye vifuko, wakazikata ndogo, wakauza 1,500. Mpaka mwisho wa wiki zilikuwa zimekwisha.

Kipande hicho kidogo kinatugharimu 700, kwa hiyo faida ni 800. Vipande viwili vya mjini ni sawa na kimoja cha hoteli. Kwenye karatasi hoteli inashinda, lakini fedha ya mjini unaishika mkononi magharibi hiyo hiyo. Kuna na nauli. Wakati ule kwenda na kurudi ilikuwa 5,000, yaani faida ya vipande sita na kitu imebaki kwenye daladala kabla hujanunua hata maji. Kwa hiyo mtu wa kwenda na vipande kumi na tano asiende. Tukaweka kwamba safari ni siku za maji mafu ambapo baharini hakuna kazi, na mzigo usipungue vipande 80.

Kuna jambo walilorudi nalo ambalo sisi shamba tusingelijua. Waliouliza sana pale mezani walikuwa masomo, wale wanaowaandaa maharusi. Wao hawakutaka kipande. Walitaka singo, yenye liwa na asumini, na wakauliza kama tunaweza kutia unga wa mwani ndani yake. Mtalii hununua zawadi mara moja akaondoka, lakini somo ana bibi harusi baada ya bibi harusi, na hasikii habari ya ndege. Tulijaribu kwenye ngozi zetu wenyewe kwanza, mwezi mzima, majirani wakitucheka kwa kunukia kama wali wapya.

Muuzaji mmoja alitushauri tuseme sabuni inaondoa chunusi na madoa. Ingeuzika haraka, hilo tunalijua. Lakini hatujui kama inaondoa, na kumla mtu fedha kwa kiapo usichokuwa na hakika nacho si riziki ya kulisha watoto. Tunasema ina nini ndani, mteja anaamua.

Wageni waliporudi, duka la hoteli lilituita tena. Bi mkubwa akatutazama kwa jicho la "sikuwaambieni?" na alikuwa na haki yake, kwani bei ya pale bado ndiyo nzuri kuliko zote. Tulikubali kupeleka, ila kwa masharti mawili: zile 180 za zamani zilipwe, na kila mzigo mpya ulipwe nusu siku tunapoukabidhi. Walilipa kwa mafungu mawili. Sasa hoteli inachukua kiasi cha theluthi ya sabuni zetu, mjini wanachukua zilizobaki, na singo tunatengeneza kwa oda tu.

Lililobaki mezani ni Dar es Salaam. Wawili kati yetu wanataka tujaribu Kariakoo. Boti ni saa mbili tu, lakini huko hatuna wifi wala meza, na bado kuna mambo ya vibali vya vipodozi tunayoyafuatilia. Bi mkubwa anasema tungoje. Safari hii na yule mwenye watoto watatu yuko upande wake, maana oda za maharusi wa Mfunguo Mosi zimeshaanza kuingia na hataki mikono ipungue.