Soma Ramani Kabla ya Kununua Kiwanja

Maneno "mipango miji" yasikutishe. Hapa Bujumbura maana yake huonekana kwa macho: mto Ntahangwa unamega kingo zake, na nyumba zilizojengwa karibu nao huporomokea korongoni. Usiku wa Februari 9, 2014, mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini, ikiwemo Kamenge na Kinama.

Basi, kabla jamaa zako hawajalipia kiwanja, ingia kwenye intaneti. Google Earth hukuonyesha picha za setilaiti za miaka iliyopita. Linganisha ukingo wa zamani na wa leo, kisha upime umbali wake na kiwanja. OpenStreetMap ni ramani huru, ambayo wakazi wenyewe huweza kuisahihisha. Machapisho ya UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, husomwa bure, ingawa mengi ni ya Kiingereza au Kifaransa. Hapo ndipo Kiswahili chako kitakapohitajika, uwafafanulie wazee wa Buyenzi.

Lakini picha ya setilaiti haikuambii kiwanja ni cha nani. Kwa hilo, nenda katika ofisi ya hati za ardhi, ramani ikiwa mkononi.