Buti Haikosi Maji, Inakosa Akili Yako
Wasee, nilinunua buti za safari za nduthi juu zinatoka poa kwa picha. Muuzaji aliapa haziingizi maji. Na kweli, hazikuvuja. Shida ilikuwa mimi.

Nimetoka Nairobi naenda Naivasha, kufika Limuru ni ukungu na mvua. Suruali nilikuwa nimeichomeka ndani ya buti, maji yakateremka na mguu, yakajaa humo kama karai. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, mguu wa kulia ushakufa ganzi. Na huo ndio wa breki ya nyuma! Nakanyaga, sisikii kitu. Lori mbele yangu ikapunguza mwendo. Nilisimama nikiwa nimebakisha kama hatua mbili.

Kule chini jua linawaka, na buti isiyoingiza maji pia haiyatoi. Miguu ikachemka.

Siku hizi suruali ya mvua inafunika buti kwa nje, na soksi kavu ziko kwa begi. Zikilowa najaza magazeti. Ukizianika kwa jiko ngozi inapasuka.

Yule jamaa wa boda na gambuti zake tulikuwa tunamcheka? Suruali yake ilikuwa nje kitambo.