KIPANDE KISICHOWAKA



Wapendwa waamini, jina la eneo letu hili, Mwenge, ni jina la nuru. Si vibaya, basi, juma hili tukitafakari juu ya taa. Sizungumzii taa ya Altareni, bali zile taa ndogo za LED zilizojaa madukani kando ya Barabara ya Bagamoyo na ya Sam Nujoma, zikitangaza bei za simu na majina ya maduka ya dawa.

Kwa taa za namna hiyo vijana wa parokia walitengeneza ubao wa namba za nyimbo, ili hata bibi aketiye benchi la mwisho aone tunaimba wimbo upi. Kila tarakimu ina vipande saba. Ukiwasha baadhi na kuzima vingine, unapata namba zote tangu 0 hadi 9. Kila kipande kina taa nne nyekundu, nazo zimefuatana katika njia moja ya umeme: umeme hupita ya kwanza, ukaenda ya pili, ya tatu, hadi ya nne. Taa moja huhitaji volti 2 hivi, kwa hiyo nne huhitaji 8. Betri ni ya volti 12, na zile zinazozidi huchukuliwa na rezista ya ohmu 220 ili taa zisiungue. Vifaa vilinunuliwa Kariakoo, na kazi ya kulehemu aliifanya kijana mmoja kwa mikono yake.

Ubao ulitumika vyema kwa majuma kadhaa. Kisha ikaja Misa ya mazishi ya mama mmoja wa parokia yetu. Kwaya ilianza wimbo wa buriani, namba 189. Waamini walikuwa wamefungua 185. Wakatafuta maneno wasiyaone, sauti zikafifia, na watoto wa marehemu wakageuka nyuma kutazama kulikoni.

Kipande cha juu upande wa kulia, katika tarakimu ya mwisho, kilikuwa kimezimika. Tazameni ajabu yake: 9 ikikosa kipande hicho husomeka 5, na 8 husomeka 6. Ubao haukuonesha giza, wala haukuonesha alama ya kututahadharisha. Ulionesha namba safi, inayosomeka vizuri, ambayo si ya kweli.

Wapendwa, katika sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa tunataja mawazo, maneno na matendo, kisha tunataja kutotimiza wajibu. Hilo la nne twalipita upesi, kwa kuwa halina kelele. Baba asiyepiga wala kutukana, lakini hazungumzi na wanawe, anaonekana kuwa mtu mpole. Jumuiya ambayo haijagombana na mtu, lakini haijamtembelea mgonjwa, inaonekana kuwa na amani. Kipande kimoja kimezimika, na namba inasomeka vizuri tu. Ndiyo maana kosa hilo hudumu muda mrefu kuliko mengine.

Baada ya mazishi yalisemwa mengi. Wengine walisema fedha zimepotea bure, wengine wakasema ubao utupwe na turudie chaki. Kijana aliyeulehemu aliacha kuja mazoezini. Kisha akaacha kuja Misa.

Mzee mmoja wa jumuiya yake, aliyefanya kazi ya ufundi wa redio kwa miaka mingi, alimfuata nyumbani. Kijana alimpa shikamoo akiwa ameinamisha kichwa. "Marahaba, mwanangu," alijibu mzee. "Sikuja kukuuliza wewe. Lete ubao, tuuulize wenyewe."

Walianza kwenye chanzo. Betri ilikuwa nzima. Vipande vingine sita viliwaka, kwa hiyo umeme ulikuwa ukifika kwenye tarakimu. Wakakipelekea kile kipande umeme moja kwa moja kupitia rezista yake, nacho kikabaki giza. Basi kasoro haikuwa kwenye kibao kinachotoa amri. Wakatazama kama kuna taa iliyogeuzwa, maana taa hizi hupitisha umeme upande mmoja tu, na mguu mrefu ndio wa chanya. Hakuna iliyogeuzwa. Mwisho wakapima taa moja moja kwa mita. Ya kwanza ikawaka kwa mwanga hafifu. Ya pili, ya tatu na ya nne vilevile.

Taa zote nne zilikuwa hai! Kilichokatika ni kiungo kati ya ya pili na ya tatu. Lehemu ilikuwa imeuzunguka mguu wa taa bila kuushika, kwa sababu mguu haukupata joto la kutosha. Kwa macho palionekana pameungwa, umeme haukupita. Wakapasha moto upya, na kipande kikawaka. Dominika iliyofuata kijana aliupachika ubao yeye mwenyewe.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, mchungaji hamtafuti kondoo mpya wa kuziba pengo la yule aliyepotea. Anamfuata yuleyule. Nasi tunapoona mtu haonekani tena, hatuna budi kujizuia tusiseme haraka kwamba imani yake imekufa. Pengine yeye ni mzima, na kilichokatika ni kiungo kati yake na sisi. Jina lake limo katika daftari la jumuiya, kwa macho ameungwa. Lakini ni lini mara ya mwisho joto la ndugu lilimfikia?

Juma hili, katika Jumuiya Ndogondogo, someni majina yote daftarini, polepole. Mkifika kwa asiyeonekana, msijadili sababu zake. Chagueni wawili wakamjulie hali kabla ya Dominika.

Mungu awabariki nyote.