Wazee na Picha za Zamani

Ziko elimu ambazo hazikuandikwa vitabuni wala hazitahiniwi shuleni. Mvuvi huijua bahari, mkwezi huujua mnazi, na mpenzi wa sinema huzijua picha. Wawili wa kwanza husifiwa kwa maarifa yao, kwa sababu samaki huliwa na nazi huliwa. Wa tatu hudhaniwa kuwa ni mtu aliyepoteza umri wake gizani. Katika insha hii nataka kumtetea huyu wa tatu, kwa kuwa nimemsikiliza kwa muda mrefu na nimefaidika.

Mimi ni mwalimu, na umri wangu haujatimia miaka arobaini. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa namna ya kuuliza swali: liwe fupi, liwe wazi, na limlazimishe mwanafunzi kufikiri kabla ya kujibu. Mabingwa wa kazi hiyo niliwakuta baadaye, juu ya baraza moja katika mji wa kale wa Malindi. Hapo, baada ya sala ya alasiri, hukutana wazee watano: mshona nguo, nahodha aliyestaafu, mtu aliyekuwa utingo wa basi, mwuza samaki, na mzee mmoja Mgiriama aliyehamia mjini kutoka upande wa Ganze. Kahawa chungu hupita mkono kwa mkono, na haipiti nusu saa kabla mazungumzo hayajaangukia picha za zamani.

Katika ujana wao picha ilikuwa safari. Pengine gari la sinema lilikuja lenyewe, likatandaza kitambaa cheupe uwanjani, na watoto wakakaa mchangani mbele ya wakubwa. Lakini picha kubwa za Kihindi zilitazamwa Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Malindi, na kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991 basi lilingoja feri kwenye hori. Aliyerudi na picha kichwani alirudi na mali. Aliisimulia barazani siku tatu, akiimba nyimbo zake na kulia mahali pa kulia. Picha hizo hazikuwa na maandishi ya Kiswahili, na wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi. Aliyekwisha kuiona mara moja alimfasiria jirani yake kwa kunong'ona. Vijana wanaomsikiliza DJ Afro akisimulia picha kwa sauti kuu wasidhani kuwa kazi hiyo ilianza juzi.

Mchezo wa wazee ni kuulizana. Mmoja huanza: “Katika picha ya Awaara ya mwaka 1951, Raj Kapoor aliwaingiza jamaa zake wangapi?” Mwenye haraka hujibu mmoja, akachekwa. Jamaa hao ni watatu. Baba yake, Prithviraj, alicheza hakimu aliyemfukuza mkewe. Ndugu yake mdogo, Shashi, alicheza utoto wa stelingi. Na babu yake alionekana katika kiti cha hakimu mahakamani. Hapo mshona nguo huongeza neno lake. Picha ile yauliza kama mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Hakimu mwenyewe aliamini hivyo, na imani yake ikamfanya mwanawe wa damu kuwa mwizi. “Ukoo mzima ulikusanyika,” husema, “ili kutuambia kuwa ukoo si hukumu.” Basi swali lililoanza kama kitendawili huishia kuwa somo.

Swali jingine lao ni la sauti. Katika picha nyingi za Kihindi mchezaji hufumbua mdomo, lakini aimbaye ni mwingine. Nargis aliimbiwa na Lata Mangeshkar, na Raj Kapoor aliimbiwa na Mukesh. Je, machozi ya mtazamaji ni ya nani: ya mwenye uso au ya mwenye sauti? Mwuza samaki hushikilia uso, nahodha hushikilia sauti, wala hawajapatana hata leo. Na jibu la pwani yetu lilikuwa la tatu. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyeishi kutoka mwaka 1942 hadi 2014, alizichukua tuni za picha za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, na watu wasiopata kuingia jumba la sinema wakaziimba arusini. Uso ulibaki Bombay, sauti ikapata mwenyeji Mombasa.

Lakini picha iliyowashughulisha kuliko zote ni Mother India, iliyoongozwa na Mehboob Khan mwaka 1957. Hiyo ilikuwa picha ya kwanza ya Uhindi kuteuliwa kushindania tuzo ya Oscar ya picha za lugha za kigeni. Wazee wanajua kuwa Mehboob alikwisha kuisimulia hadithi hiyohiyo mwaka 1940 katika picha ya Aurat, na kwamba Kanhaiyalal alicheza mkopeshaji Sukhilala katika picha zote mbili. Wanajua pia kuwa moto uliowashwa kwa ajili ya picha ulimzunguka Nargis, na Sunil Dutt akaingia ndani yake akamtoa. Mwaka 1958 wakaoana. Aliyecheza mwana alimwoa aliyecheza mama, na wazee hawachoki kulistaajabia jambo hilo.

Hadithi yenyewe ni ya Radha, mwanamke maskini ambaye mavuno yake yaliliwa na deni lisilokwisha. Mumewe alipondwa mikono na jiwe, akaondoka kwa aibu. Radha alilima na kulea wanawe peke yake. Birju, mmoja wa wanawe, aliichukia dhuluma mpaka chuki ikamfanya haramia. Alimwua Sukhilala na kumteka binti yake, Rupa, siku ya arusi. Mama akashika bunduki akampiga mwanawe.

Msomaji atauliza: kwa nini hadithi ya shamba la Uhindi iliwaliza watu wa pwani hii? Utingo alinijibu kwa maneno machache: “Sukhilala tulimjua.” Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, watu wengi wa ukanda huu wamelima mashamba ambayo karatasi zake zilikuwa za wengine. Mtu aliyepanda mkorosho akaambiwa kuwa ardhi si yake hahitaji kufasiriwa machozi ya Radha.

Hukumu ya mama yule imejadiliwa barazani kwa miaka mingi. Nahodha asema mama hawezi kumwua mwanawe, na mwenye kuisifu bunduki ile hajanyonyesha wala hajaona anyonyeshaye. Mshona nguo asema Radha alikuwa mama wa kijiji kizima, na heshima ya binti wa adui ni heshima vilevile. Utingo asema wote wawili wamekosea mwanzo wa kesi. Wa kuhukumiwa kwanza alikuwa mkopeshaji.

Baada ya hapo huja Sholay, ya mwaka 1975. Wazee huanza na mzaha kwamba stelingi hafi, kisha hunyamaza, kwa sababu katika picha hii Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, alikufa. Sarafu aliyoirusha kila walipotaka kuamua jambo ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Rafiki yake Veeru aliligundua hilo baada ya kifo. Tena kuna mabishano ya mwisho wa picha. Thakur, aliyekatwa mikono na Gabbar Singh, alipaswa kumwua adui yake kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa serikali ya Uhindi walikataa, na mwisho ukabadilishwa: polisi wanafika, wanamkamata Gabbar. Mwaka 2025, picha ilipotimiza miaka 50, mwisho wa asili ulirudishwa na kuonyeshwa Bologna, Italia. Habari ilipofika barazani wanne walifurahi. Mzee wa Ganze hakufurahi.

Nilimwuliza, “Mzee wangu, huoni kuwa Thakur alinyang'anywa haki yake?”

Akajibu, “Mwalimu, Gabbar alikuwa na hatia, na kila mtazamaji aliiona. Lakini mimi nimekaa katika kijiji kilichomwona Gabbar mahali asipokuwapo. Ndiyo maana napenda polisi wafike.”

Hakusema zaidi, wala haikuhitajiwa. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingine na jamaa wanaoitamani ardhi yao. Na huko Kaya Godoma, Ganze, waliotishwa hupewa hifadhi. Wako wazee waliopaka mvi zao rangi nyeusi, kwani nywele nyeupe, zilizokuwa taji, zimegeuzwa ushahidi. Yule mzee aliacha minazi yake na kaburi la mkewe kwa sababu ya neno lililosemwa matangani. Nahodha, mtetezi mkubwa wa viatu vya Thakur, alimjazia kikombe kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo sijamsikia akivitetea.

Niliichukua kesi ya Radha mpaka darasani, nikawasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Walibishana kama wazee, mpaka msichana mmoja akauliza: “Rupa naye alisema nini? Mbona kila mtu anaamuliwa kwa ajili yake?” Nililipeleka swali hilo barazani. Wazee walitazamana. Walikuwa wameijua picha ile kwa zaidi ya nusu karne, wakahesabu risasi na nyimbo zake, na hakuna aliyewahi kuuliza. Mshona nguo akasema, “Mlete huyo binti atufundishe.”

Vijana, hili ndilo ninalotaka mlichukue. Kumbukumbu ya mzee ni kisima, lakini kisima hakijitoi maji. Kamba na ndoo ni maswali yenu. Kila kijiji kina mtu aliyeipenda picha, wimbo, mchezo wa mpira au safari ya jahazi mpaka akaijua kwa undani. Mwendeeni, mwamkieni, mumwulize alichokiona na alichokiamua juu yake. Msimwache azeeke peke yake nyuma ya nyumba. Mtu ambaye vijana huketi naye na kumsikiliza hujulikana, na ajulikanaye ni vigumu kusingiziwa.

Majumba mengi ya sinema ya zamani yamefungwa au yamepewa kazi nyingine, na hatuwezi kuyafungua kwa maneno. Baraza ingali wazi, wala kiingilio hakitozwi.