Mwezi wa Angani na Mwezi wa Karani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka huijua methali hii, hata kama daftari lake mwenyewe ni kipande cha boksi kilichotundikwa msumarini. Walakini methali haikusema daftari liwe la namna gani, wala nani aliandike, wala mistari yake ichorwe kwa kufuata desturi ya nani. Mambo hayo matatu ndiyo kazi yangu. Narekebisha programu za kusimamia biashara kwa ajili ya maduka na maghala madogo ya Nyamagana, jijini Mwanza, na nataka kusema machache juu ya kazi hiyo, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ni kazi ya waya na vioo, wakashangaa wakiniona nimeketi juu ya gunia asubuhi nzima nikisikiliza habari za mwezi na mvua.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, programu ya namna hii ni daftari lililogawanyika katika vitabu vingi vinavyosemezana. Karani akiandika mauzo ya mfuko mmoja wa saruji, kitabu cha ghala hupunguza mfuko, kitabu cha fedha huongeza shilingi, kitabu cha wadaiwa huandika jina la mnunuzi kama hakulipa, na kitabu cha kodi hutenga fungu la serikali, yote kwa pigo moja la kidole. Kampuni kubwa za dunia zilianza zamani kuwa na vitu hivi. SAP ya Ujerumani iliasisiwa mwaka 1972. Wadogo walichelewa kufikiwa, na pengine walijifikia wenyewe. Tally, ambayo twaikuta katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, ilizaliwa India mwaka 1986 kwa sababu mfanyabiashara S. S. Goenka hakupata programu ya kumfaa katika hesabu zake, akamtaka mwanawe Bharat amwandikie. Odoo ilianza Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina jingine, na sehemu yake kubwa yaweza kuchukuliwa bure na kubadilishwa na fundi yeyote mwenye ujuzi. Hapo ndipo mimi na wenzangu tupatapo riziki: twachukua nguo iliyoshonwa mbali, twaipunguza kiunoni na kuiongeza mikononi.

Nchi yetu ina kumbukumbu chungu katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya kazi ya kuzihamishia hesabu za serikali katika mitambo kuvurugika na kuleta hasara, kuingiza kompyuta nchini kulipigwa marufuku ila kwa kibali. Walioamua hivyo wamechekwa sana na vizazi vya baadaye. Mimi siwacheki. Mtu aliyekwisha kuona ghala lililojaa bidhaa na daftari linalosema hamna kitu atafahamu hasira yao.

Sasa nije katika dagaa. Mama mmoja mwenye ghala Mkuyuni hununua dagaa Mwaloni Kirumba, ng'ambo ya pili ya jiji katika wilaya ya Ilemela, na wengine huletewa kwa mashua kutoka visiwa vya Ukerewe. Aliuziwa programu na kijana mmoja mwenye maneno mengi, aliyeiweka kwa siku moja, akapokea fedha zake, akaondoka. Nilipoitwa, programu ilikuwa na miezi mitatu ghalani, na mama alikuwa amekwisha kuichukia. Nikamwamkia, akaitika, akanionyesha karatasi tatu zilizochapwa: Septemba, Oktoba na Novemba za mwaka 2024. Zote tatu zilimwonyesha kuwa mtu aliyekaribia kufilisika.

“Mwanangu,” akasema, “huyu Novemba ni nani? Mimi sili kwa Novemba. Mimi nala kwa giza.”

Yeyote aliyekulia ufukweni mwa ziwa atamwelewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi aghalabu ni taa za betri na za jua. Dagaa huifuata nuru majini, na nuru ya taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Kwa hiyo wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi, hutengeneza nyavu, hulala na wake zao, na kurudi majini giza linaporejea. Tokea mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu, na katika kipindi hicho biashara yote ya dagaa huzaliwa, hukua na kuzeeka. Kabla ya giza, mama hutoa fedha za mafuta na chakula kwa wenye mitumbwi. Wakati wa giza hupokea dagaa na kujaza ghala. Mbalamwezi ikija, dagaa huadimika, bei hupanda, naye huuza. Huo ndio mwezi wake.

Programu ilikuwa na mwezi mwingine, wa Papa Gregorio na wa makarani. Katika robo ile ya mwaka 2024 miezi hii miwili ilikutana vibaya kupita kiasi. Mwezi wa angani ulifichika kabisa tarehe 2 Oktoba, ukafichika tena tarehe 1 Novemba, na tena tarehe 1 Desemba. Maana yake ni kwamba kila mwezi wa karani ulikatika katikati ya giza, siku ambayo fedha zote za mama ziko majini na magunia yote yako ghalani hayajauzwa. Aliyemtangulia fundi huyu alikuwa ameandika fedha za wavuvi kuwa matumizi, kana kwamba zimekwisha kuliwa, ingawa zilikuwa deni linalolipwa kwa dagaa. Basi taarifa ilichapwa siku ya umaskini, kila mwezi, kwa uaminifu. Lililo baya zaidi, nusu ya giza zuri ilichanganywa na nusu ya giza baya, hata mama asiweze kujua ni lipi lililomtia hasara, wala ni mvuvi gani alipokea fedha asilete kitu.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo kuliko maradhi. Sikuufuta mwezi wa karani, maana kodi hulipwa kwa huo, na kodi ya nyumba, na mshahara wa mlinzi. Niliongeza kisanduku kimoja katika kila stakabadhi: giza la ngapi. Fedha ya mvuvi, gunia, nauli ya mashua, ushuru, mauzo, vyote vikabeba namba ya giza lao, na fedha za wavuvi zikahamishwa kutoka kitabu cha matumizi kwenda kitabu cha wadaiwa. Sasa mama aweza kuuliza kwa namna mbili na kujibiwa kwa namna mbili. Alipoiona taarifa ya kwanza ya giza zima alinyamaza kitambo, akamtaja mvuvi mmoja kwa jina lake na la baba yake, akasema, “Nilijua.”

Nathubutu kusema kwamba ugumu wote wa kazi hii umo katika kutambua desturi ipi ya duka ni elimu, na desturi ipi ni uzembe au hila iliyovaa kanzu ya desturi. Mwezi wa giza ni elimu. Fundi asiyejifunza hiyo afadhali auze vitumbua. Lakini ziko desturi ambazo mtu hawezi kuzipima kwa macho.

Chukua sado. Ni kopo la rangi la lita nne hivi, ambalo jina lake latokana na rangi ya Sadolin, nalo ni kipimo cha dagaa, maharage na viazi katika masoko yetu mengi. Mama ana genge sokoni ambako kijana wa dada yake huuza kwa sado. Programu ilikuwa imeambiwa kwamba gunia moja ni sado 25. Kijana aliuza magunia 40, na kwa kila gunia akaleta fedha za sado 22. Programu haikusita, ikaandika upungufu wa sado 120 mbele ya jina lake. Mama mkubwa wake akamnyang'anya funguo za genge. Hakumwita mwizi, alimwambia tu apumzike nyumbani, na katika ukoo wao, kama katika koo nyingi, neno hilo lilitosha kufika mpaka kijijini.

Nilipofika, kijana alikuwa na siku 9 nyumbani. Niliomba magunia matatu yafunguliwe mbele yetu sote, na kijana aitwe aje apime kama apimavyo siku zote. Akapima: akajaza kopo, akaweka kilele juu yake mpaka dagaa wakaanza kumwagika, ndipo akamimina. Nikauliza kilele hicho ni cha nini. Mama mwenyewe akajibu upesi kwamba sado isiyo na kilele haimrudishi mteja, naye ndiye aliyemfundisha. Gunia la kwanza likatoa sado 22, la pili 21, la tatu 22 na chenga chini ambazo hununuliwa na wafuga kuku. Hapana mtu aliyesema neno. Mama alifungua kibindo, akatoa funguo, akazitia mkononi mwa kijana, akamwuliza kama amekula.

Nimeandika katika programu kwamba gunia ni sado 22, na kwamba isipige kelele mpaka upungufu uzidi sado moja kwa gunia. Wenzangu waliosoma hesabu hawapendi kilele. Wasema ni kama lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo wanaipiga vita, na kwamba dagaa wauzwe kwa kilo. Yumkini wana haki. Watu wa ziwa hili wanajua uzito wa jambo hili tangu zamani: malalamiko ya wakulima wa pamba juu ya mizani ya wanunuzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozaa ushirika, mpaka Paul Bomani na wenzake wakapata shirikisho lao la vyama mwaka 1955. Lakini kubadilisha kipimo cha soko si kazi ya programu moja katika genge moja, na kwanza kijana alihitaji kula.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, na tangu hapo tafsiri zimeongezeka. Ila nyingi zinaandika “Madeni” kwenye visanduku viwili tofauti, kwa sababu deni kwetu ni la anayedai na la anayedaiwa. Nimeona karani mwangalifu akiwalipa watu waliokuwa wakidaiwa na duka lake. Siku hizi naandika kwa urefu: “Wanaotudai” na “Tunaowadai”. Juu ya umeme kukatika na intaneti kulala sina la kuongeza ambalo msomaji halijui.

Sasa desturi ya namna ya pili. Tangu mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato imewataka wafanyabiashara watumie mashine za kielektroniki za kutolea risiti, wakianza waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka 2013 wakafuata wengine. Maduka yalifungwa katika miji kadhaa kwa kupinga, mashine zikabaki. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, si mbali na Makoroboi, aliniita niunganishe programu na mashine hiyo, akanipa chai, akanisifu, kisha akafunga mlango. Alitaka kitufe. Kitufe hicho, kikibonyezwa jioni, kiyafute mauzo yasiyotolewa risiti katika vitabu vyote, isipokuwa kitabu kimoja atakachokiona yeye peke yake.

Sitaki kumfanya kuwa shetani. Alinieleza kwamba kabla ya kuwa na vitabu aliwahi kukadiriwa kodi kwa kutazamwa wingi wa mabati nje ya duka, na hofu ile haijamtoka. Nilimsikiliza kama nilivyomsikiliza mama wa dagaa. Lakini mama aliniomba daftari lione alichokiona yeye. Huyu aliniomba daftari lipofuke kwa amri. Tena mauzo yakifutwa, ghala nalo lapaswa kudanganywa, na kwa kuwa vitabu husemezana, uongo mmoja wataka wengine watano kila jioni, na karani wa duka ndiye atakayeulizwa siku ya kuulizwa. Nikamwambia, “Mzee, hicho sikiweki.” Akacheka, akasema wapo vijana wengi mjini. Kweli wapo. Kazi ikaenda kwa mwingine, na kodi ya chumba changu mwezi ule niliilipa kwa kukopa.

Mama wa dagaa naye sasa ana shida nyingine, ambayo sikuitarajia. Aliomba mkopo benki anunue friji na turubai za kuanikia. Alikwenda na taarifa zake za magiza, zimechapwa vizuri, kila moja na faida yake au hasara yake. Afisa, kijana mpole aliyesoma mbali na ziwa, alizitazama kwa heshima, akauliza giza ni nini. Alipoelezwa alifurahi sana, akaahidi kuwasimulia wenzake. Kisha akasema kwamba fomu yataka miezi 12 mfululizo, Januari mpaka Desemba, na kwamba kompyuta ya makao makuu haina mahali pa kuandika giza.

Miezi 12 ya benki ina siku 365. Magiza 12 ya mama yana siku 354. Amenituma ujumbe kwamba zile siku 11 zilizobaki nizihesabu kwa nani, kwa kuwa anarudi benki Jumatatu.