Atieno yupi amelipa?

Wasee, leo niwaambie kosa dogo lililotupotezea mteja wa miaka.

Anti yangu anauza omena hapa Mbita. Oda inakuja WhatsApp, pesa inaingia M-Pesa, mzigo unapanda feri ya Luanda K'Otieno ama matatu ya Kisumu. Kazi yangu ni kujua pesa ipi ni ya oda ipi.

Jumamosi moja ikaingia 3,000 kutoka kwa Atieno. Sasa, kwetu Waluo Atieno ni msichana aliyezaliwa usiku, na usiku uko kila siku! Tulikuwa na Atieno wawili, kila mmoja oda ya 3,000. Nikamtumia mzigo wa kwanza. Kumbe aliyelipa ni wa pili. Alipopiga simu, anti akamjibu, "Mama, sijaona pesa yako." Akanyamaza, akakata.

Jioni nikaangalia ile namba ya M-Pesa ya herufi na tarakimu kumi kwenye skrinshoti yake. Ni ile ile. Tukamrudishia pesa, tukaomba msamaha. Hajaagiza tena. Yule wa kwanza alilipa Jumatatu bila kelele.

Si tunapenda kulaumu netiweki? Hapa netiweki haikukosea. Mimi ndiye niliamini jina na kiasi, na hivyo viwili watu wengi wanaweza kuwa navyo. Paybill inajua hivyo, ndiyo maana inakuuliza namba ya akaunti. Till haikuulizi. Hata wanaotengeneza programu za malipo kupitia Daraja ya Safaricom hawabahatishi: kila ombi la kuweka PIN lina namba yake, na jibu linarudi na namba hiyo hiyo, hata kama watu wengine wamelipa kiasi sawa dakika hiyo.

Sisi tumenunua daftari tu. Oda inapewa namba kabla mteja hajaambiwa bei. Namba hiyo anaituma akishalipa, mimi naandika ile ya M-Pesa kando yake, na gunia linaandikwa hiyo hiyo kwa maka peni. Pesa ikija bila namba, inakaa ukurasa wa mwisho hadi mwenyewe aulizwe. Hakuna kukisia.

Siku hizi anti hasemi "sijaona pesa yako." Anauliza, "Oda yako namba ngapi, mama?"

Na nyinyi mnaouza kwa simu, mnajuaje pesa ni ya nani? Niambieni hapo chini.