Hoteli Iliyohama Mara Mbili

Mtu atokaye Kisii mjini kwenda Kiogoro, ikiwa ana macho ya kutazama, ataona kando ya njia mbao za hoteli zilizopakwa rangi mara nyingi hata jina la zamani linachungulia chini ya jina jipya. Hoteli iliyofunguliwa mwezi wa Januari kwa shangwe na chai ya bure, ikifika Agosti mlango una kufuli, na kuku wa jirani wanalala barazani. Mwaka ufuatao mtu mwingine hupaka rangi yake, huandika jina lake, na mambo huanza upya. Wapitao husema, "Huyu naye ameshindwa," wakaenda zao. Sababu ya kushindwa huulizwa mara chache, na ikiulizwa jibu huwa ni lile lile: wateja hawakuwapo. Walakini habari za hoteli moja ya Kiogoro zaonyesha kwamba pengine hoteli hufa hali imejaa watu.

Msomaji asiye wa Kenya afahamu kwamba hoteli, katika midomo ya watu wa huku, si lazima iwe nyumba ya kulala wageni. Chumba kimoja cha mabati chenye meza nne, birika na jiko la makaa huitwa hoteli, na mwenyewe huitwa mwenye hoteli sawasawa na yule wa Nairobi aliye na vitanda mia.

Kazi hii ni ngeni katika nchi ya Wagusii kuliko wengi wadhanivyo. Boma la Serikali lilipojengwa Kisii mwaka 1907, chakula kilichopikwa hakikuwa bidhaa. Msafiri aliingia kwa mtu, akakuta ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga na maziwa ya mgando. Akala, akashukuru, akaendelea na safari yake. Kumdai malipo lingekuwa tusi kubwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikaanza kuwaruhusu Waafrika wa Kisii, Embu na Meru kupanda kahawa, na polepole fedha zikaingia mifukoni mwa wakulima. Baadaye yakaja majani chai. Siku ya malipo mkulima huwa mbali na jiko la nyumbani, ana fedha, tena ana njaa. Na hapo ndipo hoteli huzaliwa. Lakini ile desturi ya kale haikufa. Ilikaa nje ya mlango ikingoja.

Mwenye hoteli anayetajwa hapa alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja huko Nairobi. Mwaka 2009 kazi yake ilikwisha, akarudi Kiogoro pamoja na mkewe, watoto watatu, na malipo yake ya mwisho. Hazikuwako fedha nyingine. Mtoto wa kwanza alikuwa darasa la 6, na kila mzazi anajua miaka miwili hupita upesi namna gani. Basi mwaka 2010 akakodi chumba sokoni, akanunua sufuria kubwa tatu, vikombe dazeni mbili na meza za mbao ambazo fundi hakuzipiga randa vizuri. Mkewe, ambaye wateja wote walimwita Mama, akashika jiko. Alipika chai ya maziwa, mandazi, chapati, maharagwe, ndizi za kuchemsha na nyama. Mapishi yake hayakuwa na mzaha. Mwezi wa kwanza watu walisimama mlangoni wakingoja nafasi ya kukaa.

Sasa, kwa desturi ya Wagusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, nao huiita chinsoni, na mwenye kuivunja huonekana hana adabu hata akiwa na mvi. Wazee waliotunga desturi hiyo hawakufikiri habari za hoteli. Lakini babaye mwenye hoteli alipofika asubuhi ya kwanza, akaona sufuria za mkaza mwanawe na kuisikia sauti yake jikoni, alikata shauri kwamba hiyo ni nyumba. Akasimama nje. Mwanawe, kwa aibu na mapenzi, akamtengenezea benchi chini ya ukingo wa bati, na chai ikapelekwa na mtoto mdogo.

Mzee alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Je, nani angemdai? Mwana hawezi kumwambia babaye alipe kikombe cha chai mbele ya watu. Mkaza mwana hata kumtazama usoni ni shida. Mtoto aliyebeba kikombe ni mjukuu, na mjukuu hutaniana na babu yake, hamdai. Tena mzee hakai peke yake. Baada ya juma moja benchi lilikuwa na wazee watano, kila mmoja na kikombe chake na mandazi mawili, na kila mmoja alikuwa baba wa mwenye hoteli kwa njia fulani ya ukoo. Waliamua mashauri ya mipaka ya mashamba hapo, wakapatanisha watu, wakacheka. Kwa kweli lilikuwa benchi zuri, na lilivuta wateja. Kusema kwamba wazee walikuwa wavivu au wadanganyifu si haki hata kidogo. Walikaa kwa mtoto wao, kama baba zao walivyokaa.

Vijana waliokuwa ndani walilitazama benchi hilo, wakajifunza. Binamu akala akasema, "Andika." Shemeji akasema, "Andika." Daftari la madeni likajaa, likanunuliwa la pili. Hali kadhalika mwenye hoteli mwenyewe, kila mchango wa harusi au matanga ulipopita, alifungua kijisanduku cha fedha akatoa bila kuandika, maana alisema fedha ni zake. Katika stoo ya kiwanda hakuna msumari uliotoka bila karatasi. Katika hoteli yake mwenyewe noti zilitoka kama maji.

Usiku mmoja mkewe alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akapiga hesabu nyuma yake. Chai ilikuwa shilingi 10, mandazi shilingi 5. Wazee watano, kila mmoja shilingi 20, ni shilingi 100 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600. Kodi ya chumba ilikuwa 2,500. Akamwonyesha mumewe.

"Unataka nimdai baba yangu?" mume akauliza.

"Sikusema umdai," mke akajibu. "Nimesema uhesabu."

Mume hakuhesabu. Mwaka 2012, wenzake walipoingia kidato cha kwanza, mtoto wa kwanza alikaa nyumbani majuma matatu kwa kukosa karo, sanduku lake jipya likiwa karibu na mlango. Ng'ombe mmoja akauzwa. Mwezi wa Machi hoteli ikafungwa. Na siku ile ya kufungwa, msomaji, meza zote nne zilikuwa na watu, na benchi lilijaa.

Mwaka uliofuata, 2013, chuo cha Kisii mjini kilipewa hati ya kuwa Chuo Kikuu kamili, na wanafunzi wakamiminika. Wenye viwanja wakajenga vyumba vya kupanga, na mahali palipo na vijana wengi wasiojua kupika, hoteli haiwezi kuwa mbali. Mara hii aliyefungua ni mke. Alipata mkopo katika chama chake cha akina mama, leseni ikaandikwa jina lake, akaenda kupimwa afya kama sheria itakavyo kwa wauza chakula kila miezi sita, akatundika kibao ukutani: MKOPO NI KESHO. Mumewe alipofika siku ya kwanza na kunywa chai, aliinuka ili aondoke. Mke alisimama palepale, kitambaa mkononi. Mume akacheka. Mke hakucheka. Basi akatoa shilingi 15, akaziweka mezani, na wanafunzi wawili waliokuwapo wakajifanya hawakuona.

Wengi walimsema mwanamke huyu, ati ana moyo wa jiwe. Lakini yafaa kuuliza kama mume aliyelipa shilingi 15 aliaibika kuliko baba asiyeweza kumpeleka mtoto shule. Tena hakumfukuza, alimpa kazi aliyoijua. Akawa ndiye mnunuzi, mwenye daftari la unga, sukari, mafuta na makaa, na jioni kila kitu kilihesabiwa kama katika stoo ya kiwanda. Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu, aliyeshindwa kuilinda mali aliyodhani ni yake, aliilinda vizuri sana alipoambiwa ni ya mwingine.

Hoteli ya mjini haikuwa na benchi nje. Mzee alibaki Kiogoro, na neno likafika mjini kwamba amesema mwanawe amekwenda kuficha chakula kwa wageni. Neno hilo lilimwuma mwana. Kwa muda wa miaka mitatu hakufika uani kwa babaye isipokuwa kwenye matanga, na hata huko alikaa upande mwingine.

Kuhusu biashara ya wanafunzi hakuna mengi ya kusema. Mkopo wao wa Serikali ukiingia hula kuku, ukiisha hula chapati moja kwa watu wawili, na likizo ikifika mtaa mzima huwa kimya. Mama alijifunza kufunga likizo na kurudi shambani. Mtoto wa kwanza alimaliza sekondari mwaka 2015, wa pili akamfuata.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, vyuo vikaamriwa kufungwa kabla ya juma lililofuata kwisha, na tarehe 27 Machi amri ya kutotoka nje usiku ikaanza. Wanafunzi waliondoka na magodoro yao juu ya matatu. Mama alipika sufuria moja badala ya nne, kisha nusu sufuria. Mwenye nyumba alitaka kodi yake, naye pia alikuwa na deni la benki, hivyo hakuna wa kulaumiwa. Mwezi wa Juni wakauza meza, wakabeba sufuria, wakarudi Kiogoro. Siku hiyo hoteli ilikuwa tupu kabisa, wala haikudaiwa na mtu hata shilingi moja. Watu wa Kiogoro walisema, "Wameshindwa tena." Ni yeye na mumewe tu waliojua kwamba kufunga huku na kule kwa kwanza ni vitu viwili tofauti.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 walifungua tena pale pale sokoni, katika chumba cha tatu kutoka kile cha zamani. Wateja sasa wengi wao ni waendesha pikipiki, watu wanaokula wamesimama na kulipa kwa simu kabla hawajameza. Mwezi wa Julai 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipita shilingi 200, hata Serikali ikaishusha hadi 100 kwa majuma machache. Hoteli nyingine zilipunguza ugali kwenye sahani, na wateja, ambao mikono yao inajua uzito wa ugali kuliko mizani, wakanung'unika. Mama aliuondoa ugali kabisa kwa muda, akapika ndizi, maana ndizi Kisii hazikosekani. Wakanung'unika pia, lakini walikula.

Ama kuhusu benchi, mume alikuwa akitafuta namna ya kulitaja. Kabla hajapata maneno, mkewe alimlipa fundi, na asubuhi moja benchi likawa nje chini ya bati. Mzee akaja, amedhoofika, na fimbo mkononi. Kati ya wenzake wanne waliosalia walikuwa wawili. Yasemekana hoteli ilipohama zamani zile, wazee hawakuendelea kukutana. Kila mmoja alikaa kwake. Labda ndilo lililomfundisha mzee, au labda ni lile kufuli la mwaka 2012 alilolipita kila siku akienda sokoni. Siku ya pili alitanguliwa na mvulana mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Hakusema ni wa nini. Wenzake walipouona mkungu, kila mmoja akaanza kulipa chai yake kimya kimya.

Mama aliipima ndizi kwa bei ya soko, akaandika shilingi 420. Katikati ya mwezi mkungu wa pili ukaja, akaandika 420 nyingine. Upande wa pili wa ukurasa aliandika chai na mandazi moja, shilingi 30 kila siku. Mwisho wa mwezi mumewe, karani wa stoo, alijumlisha: ndizi 840, chai na mandazi 780. Hoteli ilidaiwa na mzee shilingi 60.

Akampa mtoto zile fedha ampelekee babu yake. Mtoto akatoka, akarudi nazo. "Babu anasema ni za sukari." Mama akamrudisha. "Mwambie sukari imehesabiwa." Mtoto akatoka tena, akarudi nazo. "Babu anauliza, nani alimwambia ahesabu?" Ndani waendesha pikipiki walikuwa wameacha kula, wanasikiliza. Mama akafuta mikono, akaweka zile shilingi 60 chini ya kikombe cha mzee cha pili, akamwambia mtoto apeleke chai, na asisubiri jibu.